Mafuta Kwenye Rejeta

Fundi alikizungushia kitambaa kifuniko cha rejeta, akakifungua taratibu, akachungulia ndani. Hakuona maji. Aliona uji.

Ulikuwa mzito, wa rangi ya kahawia, umejishika kwenye mdomo wa rejeta kama ule unaobaki kwenye sufuria iliyosahauliwa. Aliuchota kwa kidole, akausugua. Ukateleza. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye maji.

"Ee Mungu," alisema. Hakuwa anaapa. Alikuwa anaita.

Ilikuwa asubuhi, jua bado halijafika uani. Kesho yake alfajiri gari hilo lilitakiwa kumpeleka mama mkwe wake hospitali ya rufaa, ng'ambo ya kilima, ambako daktari bingwa wa mifupa angempasua nyonga. Daktari huyo hakuwa wa pale. Alikuja kwa siku chache, akawatibu aliowaweza, akaondoka, na hakuna aliyejua atarudi lini. Ziara iliyopita Mama aliachwa kwa sababu ya homa. Tangu wakati ule mguu ulikuwa umeanza kufupika, na usiku walimsikia kupitia ukutani akiimba tenzi za maombi kwa sauti ya chini ili asilie.

Hawakuwa na usafiri mwingine. Mama hakuweza kukaa kitako kwa muda mrefu. Walijaribu teksi mara moja, wakarudi kabla ya kufika barabara kuu, Mama akiwa ameuma upindo wa nguo yake. Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa gereji kwa Fundi mwenyewe, limekalia mawe, gia zake zimo kwenye karai. Lilibaki hili la marehemu baba mkwe, ambalo familia nzima ililiita Jembe. Lilikuwa gari la zamani, refu kama jeneza la tajiri, kama alivyopenda kusema marehemu mwenyewe. Kiti cha nyuma kikilazwa na godoro likitandikwa, mtu mzima alilala humo amenyooka.

Mtaani Fundi aliitwa Kimya. Hakuwa mtu wa maneno, na kazini ndiyo kabisa. Wenye magari walipoanza kumsimulia lilivyoanza, lilivyolia, nani aliligusa, aliwanyoshea kiganja. "Mwenye gari haulizwi," alikuwa akisema. "Linaulizwa gari." Miaka mingi ilikuwa imemfundisha kwamba watu husema uongo, wengine kwa aibu, wengine kwa kutojua, lakini chuma hakisemi uongo. Msemo huo ulimpa heshima, na yeye aliupenda kuliko alivyokiri.

Alivuta kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Mafuta yalikuwa meusi, safi kwa namna yake, hayakuchanganyika na maji. Akawasha injini, akatazama mdomo wa rejeta kama kuna mapovu ya hewa. Hayakuwapo. Akazima, akasimama ameshika kiuno. Dalili moja ilisema injini imeharibika, mbili zilisema ni nzima.

"Shemeji! Umeamka na gari au umelala nalo?"

Alikuwa kaka wa mkewe, kifungua mimba wa Mama, amefika na begi lake ili wasafiri pamoja. Huyu mtaani kwao aliitwa Redio, tena redio isiyo na kitufe cha kuzimia.

"Karibu, shemeji."

"Nimeshakaribia. Hicho nini? Unampikia Jembe uji?"

"Mafuta yameingia kwenye maji."

"Sema Kiswahili."

"Hicho ndicho Kiswahili."

Redio akacheka, kisha akaona uso wa shemeji yake, akaacha. Fundi akamweleza kwa ufupi. Ndani ya injini mafuta yana njia yake na maji yana njia yake. Ni kama vyumba viwili vya nyumba moja, ukuta mmoja katikati. Wakazi wake hawatakiwi kukutana. Mafuta yakionekana chumba cha maji, jambo la kwanza kufikiriwa ni kwamba ukuta umetoboka, yaani gasketi iliyo chini ya kichwa cha injini imeungua.

"Na ikiwa imeungua?"

"Maji hayatapoza tena. Tutachemsha kilimani."

Wote wawili walikijua kilima. Barabara yake ilizunguka kama kamba iliyotupwa chini, upande mmoja mwamba, upande mmoja bonde, na simu hazikushika mpaka ufike juu.

Dirisha la chumba cha Mama lilitazama uani. Pazia likasogea, na uso wake ukatokea, umefungwa kitambaa cheupe.

"Mwanangu, linaumwa nini?"

Fundi aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya kila mara alipozungumza na mama mkwe wake. "Maji yamechafuka kidogo, Mama. Tunaliosha tu."

"Ni palepale lilipokuwa likichemka enzi za marehemu?"

"Palepale, Mama. Usijali. Pumzika."

"Haya. Mungu awe nanyi." Pazia likarudi.

"Kidogo!" Redio alinong'ona. "Shemeji, kumbe uongo unaujua."

"Ulitaka nimtie hofu?"

Kazi ikaanza. Fundi aliweka karai chini ya rejeta, akafungua bomba lake dogo la chini, na uji ukaanza kutoka kwa kusitasita, ukikata na kuanza tena. Alikataza usimwagwe mtaroni, maana dawa ya rejeta ina utamu na mbwa huinywa ikawaua. Wakaumimina kwenye madumu mabovu. Kisha akafungua thermostati, kile kifaa kidogo kinachoyazuia maji mpaka yapate moto, akaiweka kando ili maji yazunguke bila kizuizi. Akageuza kitufe cha hita hadi mwisho, kwa kuwa hata kijirejeta cha hita huficha uchafu. Mkewe akawa anachemsha maji jikoni, anayaleta kwa ndoo, yamekorogwa na sabuni ya unga kidogo.

"Kidogo," Fundi alimwonya. "Povu likizidi, hewa inajifungia ndani."

"Nimekufulia miaka yote hii, baba watoto. Sabuni naijua."

Walijaza, wakawasha, wakaacha injini ipate moto, wakazima, wakaacha ipoe kiasi, wakamwaga. Maji yalitoka kama chai ya maziwa. Wakajaza tena. Yakatoka kama chai ya rangi. Wakajaza tena. Tangi dogo la akiba Fundi alilichomoa, akalitia mchanga na sabuni, akampa Redio alitikise.

"Mimi ni mgeni!"

"Mgeni siku ya kwanza. Tikisa."

Redio alitikisa akiimba, na kwa muda ua ule ulikuwa na furaha. Jua lilipofika katikati, maji yalitoka kwenye bomba meupe. Fundi akayakinga kwenye kopo la glasi, akayainua juani. Hayakuwa na povu wala utelezi. Akajaza maji safi ya mwisho, akaacha kifuniko wazi ili hewa itoke, boneti juu, wakaingia ndani kula.

Katika kushukuru chakula, Fundi alishukuru pia kwa ajili ya gari. Mkewe aliitikia "Amina" kwa sauti, kwa sababu mumewe hakuwa na kawaida ya kutaja vyuma mezani. Mama alisema amekwisha kula, angenyoosha miguu kidogo kama daktari alivyomwagiza. Walisikia mkongojo wake ukigonga sakafu ya ukumbini, ukienda, kisha ukirudi.

Baada ya chakula Fundi alitoka peke yake, akaketi kwenye usukani, akawasha. Aliacha injini ingurume kwa muda akisikiliza. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu aliyelala vizuri. Akashuka, akaenda kuchungulia kwenye rejeta.

Povu lilikuwa limejaa mdomoni, la kunata, limechanganyika na utando unaong'aa.

Alizima. Alisimama pale mpaka Redio alipotoka akichokonoa meno.

"Vipi?"

"Yamerudi."

"Nini kimerudi?"

"Mafuta."

Redio alichungulia, akasonya. "Si ulisema yameisha?"

"Yalikuwa yameisha. Kama yamerudi wakati huu mfupi, basi yanatoka ndani." Fundi alisema polepole, kama anayesoma hukumu. "Injini ikizunguka, mafuta yana nguvu kuliko maji. Yanapenya yakienda, maji hayapenyi yakirudi. Ndiyo maana kijiti ni kisafi. Ni gasketi, shemeji. Nilijidanganya asubuhi."

"Sasa?"

Fundi alifungua bomba la chini, akaelekeza maji kwenye beseni jeupe la kufulia, kwa kuwa karai lilikuwa limejaa. Hakuyatazama. Alikuwa anapiga hesabu nyingine kichwani. Stoo ya gereji kulikuwa na gasketi ya zamani ya gari la aina hiyo, haijatumika. Kama akianza sasa kufungua kichwa cha injini, na kama gasketi ile itaingia, angeweza kufunga kabla ya alfajiri. Lakini bolti za umri ule hukatika. Ikikatika moja, gari halitoki uani, si kesho wala wiki ijayo. Na asipofungua, na ukuta kweli umetoboka, watachemka katikati ya kilima na Mama amelala nyuma kama mzigo, hawezi kushuka wala kusubiri.

"Fungua basi tujue moja!" Redio alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Au sema tu huwezi, nikatafute lori. Nitamlaza mama yangu kwenye lori!"

"Lori litamuua."

"Na hili je? Tangu baba afe nilisema liuzwe. Nikaambiwa shemeji ni fundi, shemeji atalitunza. Ndiyo kulitunza huku?"

"Kaka!" mkewe Fundi alisema kutoka mlango wa jikoni. "Mama anasikia."

Wakanyamaza. Pazia la dirishani halikusogea.

Fundi aliingia ndani ya boneti na spana ndefu. Alichagua bolti ya kwanza, akaipangusa kutu, akaishika kwa spana. Ilikuwa bado ina joto. Aliegemeza uzito wake, akaisikia bolti ikikaza kumjibu, kama mtu anayekataa kushikwa mkono. Akaacha. Akafumba macho.

"Ee Bwana," alisema moyoni, "mimi nimeliuliza gari, nalo linanijibu mara mbili mbili. Kama si lazima nifungue, nionyeshe. Kama ni lazima, shika bolti hizi."

Hakuna kilichotokea, na hakutegemea kitokee. Alifumbua macho, akapangusa jasho kwa mkono wa shati, akatafuta pa kukanyaga vizuri zaidi. Ndipo mguu wake ukagonga beseni.

Maji yalikuwa yametulia wakati wote wa ule ugomvi, na mafuta yalikuwa yamepanda juu. Hayakuwa meusi. Yalielea katika madoa makubwa ya mviringo, ya rangi ya dhahabu, safi kiasi kwamba chini yake aliona maua yaliyochorwa kwenye beseni.

Fundi aliweka spana chini. Akachovya kidole, akanusa. Mafuta ya injini yana harufu ya kuungua hata yakiwa mapya. Haya yalinukia vizuri. Yalinukia kama kitu kinachowekwa kabatini pamoja na nguo za ibada.

"Shemeji. Nusa."

Redio alinusa kwa tahadhari. "Haya ni ya kupikia."

"Ya kupikia hayana marashi."

"Basi ya kichwani." Redio alikuna kidevu. "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuna mtu kaleta hii kitu."

Fundi aliinama. Alikuwa anatazama chini. Udongo mbele ya gari ulikuwa umelowa tangu asubuhi, na ulikuwa umejaa nyayo zake na za Redio. Lakini karibu na tairi la mbele kulikuwa na alama nyingine, ndogo, za mviringo, mfano wa kizibo cha chupa kilichogandamizwa. Zilitoka kwenye ngazi ya nyumba mpaka kwenye rejeta, zikarudi. Ilikuwa alama ya mpira ulioko mwishoni mwa mkongojo.

Mkewe naye alikuwa ameziona. Aliziba mdomo kwa mkono.

"Wanawake wa maombi," alisema. "Wiki iliyopita walikuja kumwombea Mama safari. Waliombea na gari, nikiwa jikoni natengeneza chai. Walikuja na chupa ya mafuta ya kuombea."

"Wakaipaka boneti?"

"Nilidhani hivyo. Sikuona."

"Nenda kamuulize."

"Mimi?" Mkewe alimtazama. "Utasema ni mimi niliyemsingizia. Gari unalitengeneza wewe. Kamuulize wewe."

"Mama mkwe wangu nimuulize kama ameharibu gari?"

"Usimuulize kama ameharibu. Muulize amefanya nini. Kuuliza si ujinga, baba watoto, ingawa wewe siku zote umeona ni ujinga."

Redio alijishughulisha na begi lake.

Fundi alinawa mikono mpaka viwiko. Alivua viatu mlangoni. Chumba cha Mama kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa, nguo za hospitali zimekunjwa kwenye kiti, juu yake kitabu chake cha sala. Mama alikuwa ameegemea mito, ubavu usiouma ukiwa chini. Fundi hakuingia sana. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, macho yakiwa kwenye mkeka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeshanisalimia asubuhi."

"Ndiyo, Mama." Aliwahi kuinua injini nzima kwa mnyororo bila kuhofu hivi. "Mama, naomba uniwie radhi. Nimekuja kukuuliza habari za gari. Kuna kitu... kuna lolote unalolijua, ambalo mimi silijui?"

Mama hakusita hata kidogo. "Nimelitia mafuta."

Fundi aliinua macho.

"Yale tuliyoyaombea. Nusu tulitia siku ile na wenzangu. Leo nikasikia linaumwa, nikakuuliza, ukaniambia ni palepale. Nikasema moyoni, basi hayakutosha. Mlipokuwa mnakula nikalimalizia chupa." Uso wake ulikuwa umejaa matumaini, kama wa mtoto aliyefagia bila kutumwa. "Mgonjwa hupakwa panapouma, si ndiyo? Pale ndipo panapouma gari hili. Mimi napajua. Kilima kile lilituchemkia na marehemu, mimi ndiye niliyeshika dumu la maji, yeye akimimina. Tulilala njiani. Siogopi kisu cha daktari, mwanangu. Naogopa kile kilima."

Fundi alirudisha macho kwenye mkeka, na Mama akaona. Matumaini yakamtoka usoni polepole.

"Nimeliharibu?"

Angeweza kusema ndiyo. Nusu ya siku ilikuwa imepotea, na bolti ya kwanza ilikuwa imekwisha kuhisi spana. Lakini aliona kwamba ile ilikuwa habari njema kuliko zote alizozipata tangu asubuhi. Ukuta ulikuwa mzima. Hakuna kilichotoboka.

"Hapana, Mama. Umeliokoa. Nilikuwa naanza kuipasua injini isiyo na ugonjwa. Ungekuwa hukuniambia, ningeiua."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza, Mama."

"Asubuhi ulisema maji yamechafuka kidogo. Nikajua si kidogo. Mtu akiniambia nisijali, ndipo ninapojali."

Fundi aliinamisha kichwa tena, safari hii si kwa desturi.

Walianza upya. Maji ya moto, sabuni, hita wazi, mwaga, jaza. Sasa walijua wanachokiosha, na mikono ilikwenda haraka. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umelainika kwa mafuta, unabonyea kama tunda lililoiva sana; Fundi alikwenda gereji akarudi na mwingine, akaukata kidogo ukakaa. Redio alimtolea Mama kiti cha kulalia, akamweka kivulini karibu na gari.

"Shemeji, huyu nimemleta tumlinde," alisema. "Asije akalitibu tena."

"Wewe nilikutibu kwa fimbo ukapona," Mama alijibu. "Nyamaza utikise hilo tangi."

Maji yalipokuwa meupe kabisa, Fundi alirudisha thermostati, akajaza dawa mpya ya rejeta, ya kijani, akawasha injini na kuiacha ingurume kwa kasi mpaka feni ya kupozea ikajiwasha na kujizima. Kisha wakazima na kungoja ipoe. Huo ndio ulikuwa mtihani. Kama alikosea, kama kulikuwa na tundu na mafuta ya Mama pia, yangeonekana sasa. Midomo ya Mama ilikuwa inatembea bila sauti. Fundi akazungushia kitambaa kifuniko, akafungua.

Kijani. Safi hadi chini, hadi aliona matundu ya rejeta yamepangana.

"Sema basi!" Redio alifoka.

"Twende," Fundi alisema.

Waliondoka kulipopambazuka. Mama alilala nyuma juu ya godoro, binti yake amemshika bega, Redio mbele pembeni ya dereva. Kwenye tambarare mshale wa joto ulikaa katikati, umetulia. Fundi alikuwa akiutazama kuliko alivyotazama barabara, mpaka Redio akamwambia, "Barabara nayo ina haki yake."

Kilima kikaanza. Kona ya kwanza wakapita, na ya pili. Kwenye kona ndefu inayopakana na bonde, mshale ukasogea. Ukasogea tena.

"Unapanda," Redio alinong'ona.

"Nauona."

Fundi alifungua hita hadi mwisho. Upepo wa moto ukawapiga miguuni na usoni. "Fungueni madirisha." Mshale ukasita, ukarudi kidogo, kisha ukapanda ghafla karibu na alama nyekundu. Nyuma, utenzi ambao Mama alikuwa akiuimba ukakatika.

"Ni kule kule?" aliuliza.

Fundi alikuwa karibu kusema, usijali. Akajizuia. "Ni kule kule, Mama. Gari linapata moto. Nadhani ni hewa iliyobaki kwenye njia za maji, kwa sababu tumeyamwaga mara nyingi. Nitasimama, nitaitoa. Nikikosea nitakwambia."

"Haya. Nipeni dumu nilishike mimi."

Alisimama kwenye nafasi pana kando ya mwamba, akakanyaga breki, Redio akaweka mawe kwenye matairi. Walingoja. Injini ilikuwa inatoa mlio wa chuma kinachopoa, tik, tik, tik. Lori moja lilipita likiwapigia honi, likapotea. Kila dakika iliyopita ilikuwa ya daktari. Redio alitembea huku na huku. Fundi alikuwa na kitambaa mkononi, na kila mara alipokigusa kifuniko alirudisha mkono, kwa sababu rejeta yenye moto ikifunguliwa kabla ya wakati humchoma mtu uso.

Mwishowe akakilegeza nusu. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, kama mtu anayeshusha pumzi aliyoizuia. Akangoja iishe, akafungua chote, akachungulia. Maji yalikuwa yameshuka. Hayakuwa na utando wala povu.

"Dumu!" aliita.

Dumu lilipitishwa kutoka mikono ya Mama hadi kwa binti, hadi kwa Redio, hadi kwake. Lilikuwa na joto la kifua cha Mama. Alimimina polepole akiminya mpira wa juu, mapovu makubwa yakapanda, yakapasuka, yakaisha. Akajaza mpaka juu. Akafunga.

Walipoondoka tena, mshale ulirudi katikati, na huko ukabaki. Walipofika juu ya kilima, simu ya Redio ilianza kulia mfululizo, hakuipokea. Alikuwa anafuta macho, akidai ni joto la hita.

Hospitalini walimhamisha Mama kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi mmoja alikuwa tayari mlangoni, maana jina lilikuwa linaitwa. Fundi alisukuma upande mmoja, mikono yake ikiwa bado na kijani cha dawa ya rejeta, mpaka kwenye milango miwili ambapo ndugu husimama.

Daktari alikuja mwenyewe, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa. Akainama usawa wa uso wa Mama.

"Shikamoo, Mama. Kabla hatujaanza, nina maswali. Umekula chochote tangu jana usiku? Umekunywa? Kuna dawa yoyote unayotumia, hata ya nyumbani, hata ya kupaka, ambayo sisi hatuijui?"

Mama aligeuza kichwa juu ya mto, akamtafuta mkwewe kwa macho.

"Unamsikia fundi mwenzako?" alisema. "Yeye anauliza kwanza."